Kuchagua Lenzi ya Matamasha ya Usiku na Picha za Watu Katika Mwanga Hafifu: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha wa Mwanza

Wapiga picha wengi wa hapa Mwanza huanza na kamera yenye lenzi ya 18-55mm, na wengi hukwama mahali pale pale. Picha za mchana pale Jiwe la Bismarck hutoka safi, lakini za tamasha la usiku viwanja vya Furahisha, au za mkesha wa kwaya, hutoka nyeusi, zimejaa chenga, au msanii amevutika hata sura haitambuliki. Hapo mtu huenda kununua lenzi ndefu, 55-250mm au 75-300mm, akiamini kwamba tatizo ni umbali, na akirudi uwanjani picha huwa mbaya kuliko za mwanzo.

Sababu ni kwamba lenzi hizo zikivutwa hadi mwisho hufungua tundu lake, yaani mlango wa mwanga ndani ya lenzi, hadi f/5.6 tu (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sawa na ile ndogo iliyovutwa hadi mwisho, huku urefu wake ukikuza kila mtikisiko wa mkono. Fedha imetumika na mwanga haujaongezeka hata kidogo.

Mwongozo huu unafuata utaratibu mmoja: kupima mwanga na umbali kwa lenzi uliyo nayo, kisha kununua kwa mujibu wa vipimo hivyo, na si kwa sifa za muuzaji wala kwa kuona lenzi ya mwenzako.

## Mahitaji

- Kamera yako na lenzi iliyokuja nayo.
- Betri iliyojaa na kadi yenye nafasi ya kutosha kupiga picha za RAW, yaani mafaili ghafi ambayo kamera haijayabana.
- Daftari dogo na kalamu.
- Futi ya fundi, kwa ajili ya kupima urefu wa hatua yako ya kutembea.
- Tochi yenye mwanga mkali. Ya simu inatosha.
- Ukurasa wa gazeti wenye maandishi madogo.
- Usiku mmoja wa tamasha ambao hujalipwa na mtu yeyote. Sharti hili lisirukwe, kwa sababu upimaji huharibu picha nyingi kwa makusudi, na mteja hatakuelewa.

## Hatua ya 1: Fahamu sensa na kifungio cha kamera yako

Sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Canon 700D, 1300D, 80D na R50, Nikon za jamii ya D3000, D5000 na D7000, pamoja na Sony A6000, zote zina sensa ndogo. Canon 6D na 5D, Nikon D750 na Sony A7 zina sensa kubwa. Sensa ndogo hukata kingo za picha, hivyo lenzi ya 50mm juu yake huonyesha eneo sawa na ambalo lenzi ya 75mm hadi 80mm ingeonyesha kwenye sensa kubwa.

Kifungio ndicho kinachoamua kama lenzi itaingia. Kwa Canon za kioo (DSLR, zile zenye kioo kinachojiinua ndani ya mwili unapopiga), lenzi yenye alama ya mraba mweupe (EF-S) hukaa kwenye kamera za sensa ndogo pekee, na yenye nukta nyekundu (EF) hukaa kwenye zote. Kamera mpya za Canon R huzipokea zote mbili kwa adapta.

Tahadhari kwa wenye Nikon. Kamera za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi (ya kutafuta ukali wa picha) ndani ya mwili wake. Ukiziwekea lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, kama ile 50mm f/1.8D, itaingia na itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono, jambo gumu mno mbele ya mcheza singeli. Hakikisha lenzi imeandikwa AF-S; zilizoandikwa AF-P hufaa kwa kamera mpya za jamii hizi pekee, kwani za zamani haziwezi kuziendesha fokasi. Wauzaji wa mitumba hawalitaji hili kila mara, na bei ya chini ya hizo za D humvutia sana anayeanza.

## Hatua ya 2: Pima pengo la mwanga

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, nayo ndiyo watu huiruka.

Wapiga picha hupima mwanga kwa stopu, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya uliotangulia. Kwa upande wa tundu la lenzi, ukitoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, mfuatano ni f/5.6, f/4, f/2.8, f/2, f/1.4. Kwa upande wa shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga, kwa sehemu za sekunde, ukitoka kwenye polepole kwenda kwenye kasi, mfuatano ni 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, na kila ukisogea mbele sehemu moja unapoteza nusu ya mwanga.

Nenda kwenye tamasha, simama mahali ambapo kwa kawaida utaruhusiwa kusimama, kisha fanya hivi:

1. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), picha ziwe RAW, flashi izimwe, ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, iwe 3200.
2. Vuta lenzi hadi 55mm na uweke tundu f/5.6.
3. Weka shata 1/250 na upige uso wa msanii akiwa ndani ya taa za jukwaa. Bila shaka picha itakuwa nyeusi.
4. Shusha shata nafasi moja moja, 1/125, 1/60, 1/30, hadi ngozi ya uso ionekane vizuri. Usijali kama picha imetikisika, kwa kuwa kinachopimwa hapa ni mwanga peke yake.
5. Andika shata uliyofikia.

Tuseme uso umeonekana vizuri kwenye 1/30. Msanii anayeimba huku akitembea huhitaji angalau 1/250 ili asivutike. Kutoka 1/30 hadi 1/250 ni stopu tatu, na hilo ndilo pengo lako. Ukisogea stopu tatu kutoka f/5.6 unafika f/2, kwa hiyo lenzi ya f/1.8 inakutosha na inabaki na akiba kidogo. Lenzi ya f/2.8, hata ikiwa ya bei kubwa kiasi gani, ingekupa stopu mbili tu na kukuacha na deni la moja, ambalo ungelilipa kwa kupandisha ISO hadi 6400 na kukubali chenga zake.

Rudia kipimo mara kadhaa taa zinapobadilika, kisha uchukue cha wastani. Nyimbo za taratibu huwa na mwanga mdogo kuliko za kurukaruka, na taa nyekundu au za buluu hudanganya kabisa; subiri sekunde zile taa nyeupe zinapopita.

Kwa picha za watu fanya kipimo hicho hicho sebuleni jioni au ukumbini kwenye sendofu, ila lengo liwe 1/125, kwa kuwa mtu aliyeketi au kusimama kwa utulivu hahitaji kasi zaidi ya hapo. Pengo la picha za watu kwa hiyo huwa dogo kwa stopu moja chini ya mwanga ule ule.

Tahadhari. Usiuamini mwangaza wa kioo cha nyuma cha kamera. Gizani kila picha huonekana angavu. Angalia grafu ya mwanga, kisha kuza picha uone uso. Vilevile pima kwa ngozi, si kwa nguo. Bi harusi akiwa na gauni jeupe na ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, kamera hulifuata gauni na kuuacha uso gizani, na uso huo ukiung'arisha baadaye kwenye kompyuta unaibua chenga zote zilizokuwa zimejificha kwenye kivuli. Wengi huilaumu lenzi kwa jambo hili, ilhali kosa limefanyika wakati wa kupima.

Matokeo sahihi: daftari lako lina namba mbili, pengo la jukwaani na pengo la picha za watu. Likizidi stopu nne, hakuna lenzi ya kawaida itakayoliziba peke yake. Panga kutumia ISO 6400 au zaidi, au uzungumze na fundi wa taa kabla ya onyesho.

## Hatua ya 3: Pima umbali na uugeuze kuwa milimita

Pima hatua yako moja ya kutembea kwa futi ukiwa nyumbani. Uwanjani, kabla watu hawajajaa, hesabu hatua kutoka mahali pako hadi katikati ya jukwaa na uzibadilishe kuwa mita.

Kisha tumia hesabu hii, kamera ikiwa imesimamishwa wima: zidisha umbali kwa 22 kama una Canon ya sensa ndogo, kwa 24 kama ni Nikon au Sony ya sensa ndogo, au kwa 36 kama sensa ni kubwa, kisha gawanya jibu kwa milimita za lenzi. Unachopata ni urefu, kwa mita, wa kile kitakachoenea kwenye picha.

Kwa mfano, uko mita 6 kutoka kwa msanii na una Canon ya sensa ndogo. Mara 22 ni 132. Ukigawa kwa 50 unapata mita 2.6, yaani mtu mzima kuanzia viatu hadi juu ya kichwa na nafasi imebaki. Ukigawa kwa 85 unapata mita 1.55, yaani kuanzia magotini kwenda juu na nafasi kidogo. Ukiwa mita 10, lenzi ya 85mm ndiyo itakayokupa mtu mzima, na ya 50mm itakupa mita 4.4, ambazo ni msanii na wachezaji wake.

Hesabu hii pia inamaliza ubishi wa picha za nyumbani. Sebule nyingi zetu, hasa za nyumba zilizobanwa baina ya mawe huko milimani, hazifiki mita tano kutoka ukuta hadi ukuta. Kumpiga mtu mzima anayehitaji nafasi ya mita 2 kwenye picha, lenzi ya 85mm kwenye sensa ndogo inakudai usimame mita 7.7 nyuma. Utatokea kwa jirani. Ya 50mm inadai mita 4.5, na ya 35mm inadai mita 3.2.

Matokeo sahihi: umeandika umbali wa maeneo mawili au matatu unayofanyia kazi mara nyingi, na mbele ya kila umbali umeandika milimita zinazokufaa.

## Hatua ya 4: Chagua lenzi

Sasa namba zako mbili, f na milimita, ndizo zinazochagua.

Ukiwa na sensa ndogo na lenzi moja tu ndiyo inayowezekana, nunua 50mm f/1.8. Nasema hivi bila kusita. Ni nyepesi (ile ya Canon EF ya STM ina gramu 160), ni ya bei nafuu kuliko zote katika jamii yake, na inafaa mbele ya jukwaa dogo kama inavyofaa kwa picha ya nusu mwili chumbani. Ikilinganishwa na lenzi yako kwenye f/5.6, inapitisha mwanga karibu mara kumi. Kama kazi yako kubwa ni ndani ya nyumba, 35mm f/1.8 hutumika zaidi; Nikon wana ya DX, yaani ya sensa ndogo, ambayo ni nzuri sana.

Ukisimama mita 8 hadi 12 kutoka jukwaani, chukua 85mm f/1.8. Hii ndiyo lenzi ninayoipenda kuliko zote kwa sura ya mwimbaji akiwa na maikrofoni, lakini ni ghali zaidi kwa mbali, na kwenye sensa ndogo ni lenzi ya nje na ya kumbi kubwa. Kwenye sensa kubwa hali hubadilika: hapo 85mm ndiyo ya picha za watu, na kwa jukwaa la mbali utahitaji 135mm na kuendelea.

Ukipigia zaidi ya hapo, kama kwenye jukwaa kubwa la uwanja wa CCM Kirumba ukiwa nyuma ya uzio, hakuna lenzi nyepesi ya kukuokoa. Hiyo ni kazi ya 70-200mm f/2.8, ambayo ina uzito wa karibu kilo moja na nusu na bei ya kamera kadhaa. Ikodi kwa usiku huo, au tafuta ruhusa ya kusogea. Ruhusa haina gharama na hukupa picha bora.

Kuhusu zumu (lenzi zinazovutwa) za f/2.8 kama 17-50mm za Sigma na Tamron: ni vyombo vizuri vya harusi, ambako matukio hubadilika haraka, lakini kwa jukwaa lenye giza rudi kwenye pengo lako kwanza. Kama pengo ni stopu tatu, hazitoshi.

Kuhusu f/1.4, tofauti yake na f/1.8 ni theluthi mbili za stopu, ilhali tofauti ya bei ni kubwa. Usiikimbilie.

Tahadhari. Kizuia mtikisiko kilichoandikwa IS, VR au OSS hutuliza mkono wako, hakimtulizi mchezaji. Muuzaji akikwambia lenzi ya f/5.6 yenye IS inafaa usiku, anasema kweli kwa picha ya mji wa Mwanza ukiwa kilimani, wala si kwa tamasha.

## Hatua ya 5: Kagua lenzi kabla ya kulipa

Lenzi nyingi zinazouzwa hapa ni mitumba. Hakuna ubaya, mradi uikague ukiwa hujafungua pochi.

Anza na kuvu. Unyevu wa ziwa ni rafiki yake. Washa tochi upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili, ukiinamisha lenzi taratibu. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Chembe chache za vumbi si neno, kwani hazionekani kwenye picha. Mchubuko kwenye kioo cha nyuma ni mbaya kuliko kwenye kioo cha mbele.

Tazama panga za tundu. Piga picha kwenye f/8 na nyingine kwenye f/1.8 za kitu kile kile, ukirekebisha shata ili mwanga ulingane. Kama ya f/8 imeng'aa kupita kiasi, panga zimegandishwa na mafuta na hazifungi kwa wakati.

Kisha ijaribu fokasi. Bandika ukurasa wa gazeti ubaoni au ukutani, simama upande ili uutazame kwa mshazari, chagua neno moja katikati, weka f/1.8 na upige picha tano, kila moja ukianza kwa kuivuruga fokasi. Kuza. Neno ulilolilenga liwe ndilo kali kuliko mengine. Likikosewa kwa mwelekeo ule ule kila mara, lenzi na kamera yako hazielewani. Kamera za kati na za juu zina marekebisho ya tatizo hilo kwenye menyu, za bei ya chini hazina. Kamera zisizo na kioo hazisumbuliwi sana na kasoro hii.

Fanya majaribio haya kwa kamera yako mwenyewe. Muuzaji asiyekubali ufunge lenzi kwenye kamera yako, muage kwa heshima.

## Hatua ya 6: Tumia lenzi mpya usiku wa kwanza

Jukwaani anza na M, f/2, shata 1/250, ISO 3200, na nukta moja ya fokasi, ile ya katikati, kwa kuwa kwenye kamera nyingi za kioo hiyo ndiyo huona vizuri gizani. Ilenge kwenye jicho au ukingo wa kofia, mahali penye tofauti ya giza na mwanga. Mpiga ngoma na mcheza singeli wanahitaji 1/500, na hiyo stopu moja utaitoa kwenye ISO.

Ukiona mistari ya giza ikikata picha, au picha moja angavu na inayofuata nyeusi, lenzi haina kosa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupwitapwita mara 100 kwa sekunde, na taa za LED za jukwaani zina mpwito wake pia. Acha kutumia shata ya kimya ya kielektroniki, washa kizuia mpwito kama kamera inacho, na kwa picha za watu ukumbini tumia 1/100, ambayo hulingana na umeme huo.

Kwa picha za watu, kumbuka jinsi eneo la fokasi linavyokuwa jembamba. Lenzi ya 50mm kwenye f/1.8, sensa ndogo, mtu akiwa mita 2, hukupa kama sentimita 11 tu zilizo kali; ukisogea hadi mita 1.2 zinabaki kama 4. Jicho moja litakuwa kali na la pili limelainika. Funga tundu hadi f/2.8 mtu anapokuwa ameugeuza uso pembeni, na wakiwa wawili wapange kwenye mstari mmoja.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni ufukwe wa Capri Point jioni. Jua huzama ng'ambo ya ghuba kati ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na saa moja na dakika chache, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza huingia ndani ya dakika ishirini na kitu. Mgeuze mtu uso uelekee ziwani ili anga limwangazie, anza na ISO 400, na uendelee kupiga huku ukipandisha ISO kila shata inaposhuka chini ya 1/125. Katika muda huo mfupi utaona kila kiwango cha mwanga ambacho lenzi hiyo inakimudu.

Matokeo sahihi: ukikuza picha hadi machoni, kope zinahesabika kwenye picha za watu, na kwenye picha za jukwaani sura inatambulika, jasho linang'aa, chenga zipo lakini hazijaila ngozi. Usitarajie kila picha ya jukwaani itoke hivyo. Theluthi moja ni mavuno mazuri kwa anayeanza.

## Kuitunza kando ya ziwa

Usibadilishe lenzi chini ya taa za jukwaa lililo karibu na maji, maana wadudu wadogo wa ziwani huzifuata taa hizo na huingia ndani ya kamera. Ukifika nyumbani futa jasho na unyevu, kisha uiweke lenzi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika, si ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini. Itoe na uitumie mara kwa mara, na kila mwezi irudishie jaribio la tochi. Ukiona uzi wa kwanza wa kuvu, ipeleke kwa fundi wiki hiyo hiyo, kwa sababu kuvu likishaila tabaka la kinga juu ya kioo, usafishaji huliondoa kuvu na kuliacha kovu lake.